Shimo Kubwa na Miaka Thelathini na Minne ya Bi Philomena

Tunaanza kwa kuomba radhi. Jarida hili la wafanyakazi halijatoka tangu mwaka wa foleni za mafuta, wakati karatasi ilipoadimika hata shule zikaahirisha mitihani. Baadaye karatasi ilirudi, lakini sisi tulikuwa tumekwisha kuzoea kunyamaza, na hayo ni mazoea yasiyomgharimu mtu chochote. Wasomaji wetu wa karakana ya udongo, wa matanuri, wa stoo na wa ofisini walikuwa na haki ya kuuliza, na waliuliza. Tunaomba watusamehe. Habari iliyotuamsha haikufaa kupita kimya.

Tarehe 30 Juni 2024, Bi Philomena Warnakulasuriya alistaafu baada ya kukitumikia Kiwanda cha Vigae cha Welikala kwa miaka thelathini na minne. Alipoondoka alikuwa Mkuu wa Idara ya Wajibu kwa Jamii na Uendelevu. Alipoingia, idara hiyo haikuwapo, wala maneno hayo hayakuwa yamefika ukingo huu wa Mto Maha Oya. Ameacha mambo mengi yaliyokamilika na jambo moja ambalo halijakamilika: kama maji ya Shimo Kubwa yatabaki mikononi mwa wakulima wa Metigama, kama alivyowaahidi mbele ya watu. Tutalifikia.

Aliajiriwa mwaka 1990 kuwa karani wa ustawi. Ni binti wa mchuuzi wa samaki wa Negombo, Mkatoliki wa pwani, na alikuja kufanya kazi miongoni mwa wakulima wa mpunga ambao ni Wabudha tangu babu zao. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kugawa sabuni na ndara za mpira. Katika mwezi wake wa kwanza aligundua kwamba wanawake wanaobeba vigae vibichi kwenda kwenye matanuri waliwaacha watoto wao wachanga katika bembea za kanga kuukuu, chini ya vichanja vya kukaushia, katikati ya vumbi. Akaenda kwa marehemu Bwana Mkubwa Welikala kuomba chumba. Aliambiwa kwamba chumba hakuna.

“Kipo, bwana,” alisema. “Kile cha viti vibovu vya wakurugenzi.”

“Viti vile vinasubiri fundi.”

“Vimesubiri tangu sijaolewa. Watoto hawawezi kusubiri hivyo, watakuwa watu wazima.”

Viti vilitoka, watoto wakaingia. Baadhi ya waliolala katika chumba kile leo ni mafundi wa matanuri, na mmoja ni mhasibu anayetukata mshahara tunapochelewa. Bi Philomena husema kwamba huyo alikuwa msumbufu tangu akiwa bembeani.

Ofisi yake ilibadilishwa jina mara kadhaa. Ilikuwa Ustawi, ikawa Mahusiano na Jamii, kisha ikapewa jina refu iliyo nalo sasa. Kila jina lilikuja na kibao kipya mlangoni. Yeye aliendelea kukalia kiti kilekile chenye mguu uliofungwa waya, na alipoulizwa maana ya uendelevu, alikionyesha.

Hakupenda kazi ya kupigwa picha, ingawa kwa miaka mingi ndiyo iliyodhaniwa kuwa kazi yake. Kila Januari kiwanda kiligawa mikoba ya shule, na mpiga picha aliletwa kutoka Colombo. Mwaka mmoja mwanga ulikuwa mbaya, na mtoto wa kwanza akaitwa kupokea mkoba wake kwa mara ya pili. Alipoitwa mara ya tatu, mtoto yule aliuliza kwa sauti iliyofika hadi nyuma ya hema, “Shangazi, mikoba yote hii ni yangu?” Watu walicheka. Bi Philomena hakucheka. Mwaka uliofuata mikoba ilipelekwa shuleni kwa baiskeli, bila mpiga picha, na ikawatosha watoto wote.

Ni yeye pia aliyeyaondoa matanuri yetu katika utegemezi wa kuni zilizoletwa kwa malori kutoka mbali. Aliwashawishi majirani wapande nyua za miti inayochipua upesi ikikatwa, na kiwanda kikakubali kununua matawi yake. Jivu hurudi kwenye minazi ya majirani haohao. Mpango huo haukupendwa na wenye malori, na kwa muda Bi Philomena hakupata wa kumpa lifti kwenda Negombo. Alipanda basi, akanenepa kwa maandazi ya kituoni, na mpango ukadumu.

Sasa tufike kwenye Shimo Kubwa.

Kila anayepita barabara ya Metigama amekwisha kuliona. Kwa vizazi viwili kiwanda kilichimba pale udongo wa vigae, kisha kikahamia kwingine na kuliacha kama lilivyo, kingo zake zikiwa wima kama kuta. Mvua za msimu mkubwa wa Maha zililijaza. Katika msimu mdogo wa Yala, mashamba ya pembeni yakipasuka kwa ukame, maji yale yalikaa hukohuko chini, yakitazamwa tu. Nyati wawili wa kulimia waliteleza wakitafuta kunywa, wakazama. Kiwanda kiliweka seng’enge na kibao cha “Hatari”, na kwa maoni ya wakati ule wajibu ukawa umetimizwa.

Mwaka 2008 iliamuliwa kwamba shimo lile liwanufaishe wanakijiji. Shauri lilitolewa na Bi Philomena mwenyewe, na wote tuliokuwa mezani tuliliunga mkono, kwa sababu ofisi yetu wakati ule ilikuwa ya watu wa pwani watupu. Mtu wa pwani akiona maji, anaona samaki. Vifaranga vya samaki vikaletwa katika mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, mtawa wa hekalu akaalikwa, hotuba ikasomwa. Wanakijiji walishukuru kwa adabu. Adabu yao ndiyo iliyotupoteza.

Ulipofika wakati wa kuvua, Bi Philomena alikwenda na nyavu na binamu zake wawili kutoka Negombo ili kuwafundisha watu kazi. Alimkuta Mama Leelawathie, mke wa mwenyekiti wa wakulima, ameketi ukingoni na wajukuu wake, akitupa wali majini kwa konzi.

“Mama, samaki wamekwisha kuwa wakubwa,” alisema Bi Philomena. “Mbona hamvui?”

“Tuvue nini, mwanangu?”

“Samaki, mama. Ndiyo sababu tuliwaleta.”

Mama Leelawathie aliacha kutupa wali. “Ninyi mlituletea viumbe hai, mtawa akawasomea baraka, nasi tukawalea. Sasa unataka tuwaue? Tazama, yule mwenye doa mgongoni huja akiitwa.”

“Anaitwa nani?”

“Meneja.”

“Kwa nini Meneja?”

“Ana tumbo, na haji mpaka kuwe na chakula.”

Binamu wawili walizikunja nyavu zao, wakarudi Negombo, na huko kisa hicho kilisimuliwa kanisani hadi Krismasi. Kwa Bi Philomena hakikuwa kichekesho tu. Fedha za mwaka mzima zilikuwa zimeishia kwa samaki wa kulishwa wali ili kupata thawabu, na mashamba yalikuwa yamekauka vilevile. Alibaki ukingoni mpaka Mzee Heen Banda, mwenyekiti mwenyewe, aliporudi kutoka shambani, jembe begani.

“Mzee, mbona hamkutuambia?”

“Mlituuliza?” alijibu Mzee Heen Banda. “Kiwanda chenu, binti yangu, kina mkono mrefu wa kutoa na sikio fupi. Ninyi mna ardhi hapa. Mwenye ardhi ana nafasi katika kikao cha msimu. Tangu baba yangu akiwa mwenyekiti, mkeka wenu hutandikwa na hakuna anayekuja kuukalia.”

Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa kosa letu sote. Kabla ya kila msimu wakulima huketi kukubaliana siku ya kufungulia maji, siku ya kupanda, na tarehe ambayo mifugo yote lazima iwe imeondolewa mashambani. Kiwanda, kwa kumiliki shimo na viunga vyake, kilikuwa mmoja wao kwa haki na kwa desturi. Kiliwapa kila kitu isipokuwa asubuhi moja ya kukaa nao.

Bi Philomena alikwenda katika kikao kilichofuata, peke yake na bila zawadi. Alipoketi mkekani, sauti ilitoka nyuma, “Leo kiwanda kimekuja kutupa nini? Kuku?” Mwingine akadakia, “Awe kuku wa kufa mwenyewe!” Kikao kizima kilicheka, naye akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Kisha akasema, “Leo sikuleta kitu. Nimekuja kuuliza.”

Walichotaka hakikuwa kikubwa. Walitaka ukingo mmoja ulazwe ili nyati washuke na kupanda bila kuteleza, na upande wa chini liwekwe lango dogo la maji ili shimo liwe bwawa la kumwagilia katika Yala. Kuhusu machimbo mapya walitaka jambo moja: udongo wa juu, ule mweusi unaootesha mpunga, uwekwe kando kwanza na urudishwe mwisho, na uchimbaji usizidi kina ambacho shamba linaweza kupona. Bila hayo, wasingetoa tena hata karai moja la udongo.

Alirudi ofisini akayasema yote kama alivyoyasikia, pamoja na la kuku. Palikuwa na ubishi. Katapila ilikuwa na kazi nyingine, na mhandisi aliona kwamba lango lile lilikuwa dogo mno kustahili mchoro. Mwishowe marehemu Bwana Mkubwa Welikala alimwita akamwambia, “Fanya. Waambie maji ni yao.” Bi Philomena aliyapeleka maneno hayo katika kikao, mbele ya watu wote, kwa jina la kiwanda. Bwana Mkubwa hakuyaandika popote. Alikuwa mtu wa neno. Mawakili humheshimu mtu wa namna hiyo akiwa hai, na humlalamikia akishakufa.

Yala iliyofuata, Metigama ilikuwa ya kijani kuanzia barabarani hadi hekaluni. Tangu wakati huo hatujakosa udongo, wala hatujagombana na mtu kwa ajili ya udongo. Mashamba tunayochimba hurudi kupandwa mpunga. Wageni walikuja kutoka Colombo, wakastaajabu, wakaleta cheti chenye nakshi za dhahabu. Bi Philomena alikitundika kantini, juu ya jiko la wali, akidai kwamba pale hakitaota ukungu. Hakijaota, ila maandishi hayasomeki tena kwa moshi.

Wapo waliouliza faida ya juhudi zote hizo kwa kampuni. Jibu lilikuja mwaka 2022. Matanuri yalizimwa, dizeli haikupatikana, mishahara ikawa nusu, na bei ya mchele ikapanda kila tulipoiulizia. Asubuhi moja trekta la Metigama, lililokuwa limewekewa akiba ya lita za mwisho za mafuta, liliingia langoni likiwa na magunia ya mchele. Mpunga huo ulikuwa umeoteshwa kwa maji ya Shimo Kubwa. Mzee Heen Banda aliyashusha magunia mbele ya kantini, akamgeukia Bi Philomena.

“Wagawie watu wako. Ila sharti moja.”

“Sema, mzee.”

“Msitupige picha.”

Ndiyo siku pekee ambayo tumemwona Bi Philomena akilia kazini, na alilia huku akicheka.

Mkurugenzi wetu wa sasa, Bwana Asela Welikala, alikuwa mwanafunzi wa kaptura Bi Philomena alipoajiriwa. Mpaka leo Bi Philomena humwita “bwana mdogo”, ingawa bwana mdogo ana mvi. Mapema mwaka huu mkurugenzi aliletewa maombi na mfanyabiashara wa Colombo anayetaka kulinunua Shimo Kubwa, kulijaza vifusi na kujenga ghala kando ya barabara. Bei aliyoitaja ingetosha kujenga upya tanuri la pili, ambalo limepasuka tangu lilipozimwa ghafla mwaka wa mgogoro. Na isemwe kwa haki: tanuri hilo ni ajira za watu, wengine wao wanasoma maneno haya. Bi Philomena hakulidharau jambo hilo. Alikwenda mbele ya wakurugenzi, akakiri kwamba tanuri linahitajika, kisha akapendekeza kwamba badala ya shimo iuzwe nyumba ya mapumziko ya wakurugenzi kule Nuwara Eliya, ambayo hukaliwa kwa majuma machache ya Aprili, na miezi iliyobaki hukaliwa na mlinzi na paka wake.

Uamuzi uliahirishwa hadi tarehe 19 Julai. Yeye alistaafu Juni. Hatusemi kwamba tarehe hizo zilipangwa. Tunasema tu kwamba ndivyo zilivyofuatana.

Sherehe ya kumuaga ilifanyika uani siku ya Ijumaa, tarehe 28 Juni. Palikuwa na wali wa tui uliokatwa vipande, ndizi, na kokisi, vile vitafunio vya unga wa mchele vinavyokaangwa kwa mafuta, na wanawake wa vigae waliimba. Wakulima wa Metigama walikuja kwa miguu wakiwa na nguo zao nyeupe za hekaluni. Hotuba zilikuwa fupi, jambo ambalo halijapata kutokea. Mkurugenzi alizungumza vizuri na kwa unyenyekevu, kisha, akiwa bado ameshika kikombe chake cha chai, akamsogelea Bi Philomena. Tuliokuwa karibu tuliyasikia yote.

“Bi Philomena, umeniachia mtihani. Bodi ikiamua kuuza, utanilaumu?”

“Nitapata wapi nafasi ya kukulaumu, bwana mdogo? Nina kazi.”

“Kazi gani? Si tunakuaga leo?”

“Mzee Heen Banda amenipa kipande cha shamba, chini kidogo ya lango la maji. Mbegu zake, mikono yangu, mavuno nusu kwa nusu.”

“Wewe? Ulime?”

“Analima!” alisema Mzee Heen Banda kutoka upande wa pili wa meza. “Jana aling’oa mpunga akaacha magugu. Mke wangu alikwenda kuuomba mpunga msamaha.”

“Nitajifunza, mzee,” alisema Bi Philomena. “Na ninyi watu wa bara mlijifunza kula kaa.”

“Hatujajifunza. Tunakuonea haya tu.”

Ua wote ulicheka. Mkurugenzi alicheka pia, kisha akauliza kwa sauti ya chini, “Kwa hiyo maji yakiondoka, na wewe…”

“Na mimi sitavuna,” alimalizia Bi Philomena. “Miaka yote hii nimewaahidi watu maji ambayo mimi mwenyewe sikuyahitaji, bwana mdogo. Nilirudi nyumbani jioni nikafungua bomba. Kuahidi namna hiyo ni rahisi. Sasa nami nimepanda.”

Mkurugenzi alikitazama kikombe chake. Kisha akamgeukia Mzee Heen Banda.

“Kikao cha msimu ni lini, mzee?”

“Septemba, mwezi mpevu ukishapita. Yeye atakaa upande wetu. Mkeka wenu utatandikwa kama kawaida, lakini sasa hauna mtu.”

Mkurugenzi alikiweka kikombe mezani, akamwomba Mama Leelawathie kipande kingine cha wali, akaketi kati ya wakulima mpaka sherehe ikaisha. Hatutaki kusoma katika kitendo hicho zaidi ya kilichomo. Tunaandika tu kwamba aliketi, na kwamba dereva wake alisubiri.

Bi Philomena, umetufundisha kwamba wajibu huanza kwa kuuliza, na umetufundisha kwa kukosea mbele yetu bila kujificha, jambo ambalo wakuu wachache hulithubutu. Watoto wa chumba cha viti vibovu wanakushukuru. Wapasha matanuri wanakushukuru, hata wale wanaolitaka tanuri la pili kwa bei yoyote. Tunakutakia afya, usingizi wa mchana usiokatizwa na kengele ya zamu, mvua kwa wakati wake, na mavuno ya kwanza yanayozidi magugu. Uishi kwa heri na amani.

Wakurugenzi watakaa tarehe 19 Julai. Wakiamua, tutaandika walivyoamua katika ukurasa huu huu, yawe ya kufurahisha au ya kuhuzunisha, pamoja na jina la aliyeteuliwa kuukalia mkeka. Safari hii hatutanyamaza. Mtu tunayemjua amepanda mpunga, na mpunga hausubiri jarida.